Kaa Pale Anapokaa Mjomba

Ukifika msibani Masasi, Nachingwea au Lindi vijijini, unaweza kumkuta mtu kavaa koti la marehemu na kofia yake, anakatiza uani kwa mwendo wa marehemu, anakohoa kikohozi cha marehemu, anadai maji ya moto ya kuogea kama marehemu alivyokuwa akiyadai kila jioni. Wafiwa wanalia, kisha wanacheka, kisha wanalia tena. Huyo ni mtani, na hakuna wa kumfukuza. Akichokozwa anaweza hata kushuka kaburini kabla ya mwenyewe na kugoma kutoka mpaka apewe cha kumtoa. Nimewahi kumwona mjane akiinua kichwa kutoka kwenye mkeka na kumkosoa: "Siyo mguu huo. Mzito ulikuwa wa kushoto." Mtani akabadili mguu, akaendelea.

Sijawahi kuona mtafiti akisahihishwa hivyo. Mtafiti huandika daftarini kwamba marehemu alikuwa akichechemea mguu wa kulia, akafunga daftari. Nani atajua? Daftari limo mkobani, mkoba umo garini, gari linaitafuta Dar.

Nilisoma sanaa za maonyesho, nikarudi Mtwara, na kwa kuwa jukwaa halijazi sufuria nikawa msaidizi wa watafiti. Wanakuja wengi huku kwetu: wa korosho, wa gesi, wa afya ya mama na mtoto, na mara mojamoja wale wa anthropolojia, ambao hukaa muda mrefu kuliko wengine na kuuliza maswali yanayowachekesha wazee. Nilibeba hojaji zao, nikatafsiri, nikajaza visanduku. Baadaye, pamoja na mtafiti mmoja mwenye subira na vijana wa kikundi cha ngoma, tukaanza kufanya kitu kingine: kuigiza tulichosikia, mbele ya watu walewale tuliowasikia, kabla ya kuandika lolote la maana. Makala hii ni juu ya hicho.

Kazi ya kwanza ilihusu urithi wa mikorosho, juu ya uwanda wa Makonde. Kwa wasomaji wa mikoa mingine: Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa kwao mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mwanamume akifa, kwa mila ya zamani vyake huwarudia wapwa zake, watoto wa dada yake. Juu ya mila hiyo ukaja Uislamu na mafungu yake ya mirathi, ikaja mahakama ya mwanzo, na ukaja mkorosho wenyewe, mti unaoweza kumzika aliyeupanda na bado ukaendelea kuzaa. Shamba la mihogo halina shida hiyo. Mihogo inang'olewa, na mgogoro unang'oka nayo.

Tulipouliza kwa hojaji, majibu yalinyooka kama barabara mpya. Mali ya baba inarithiwa na nani? Watoto. Na wapwa? Hayo ya zamani. Mjomba ana kauli? Anashauri tu. Nyumba baada ya nyumba, wanaume kwa wanawake, jibu lilelile. Ungeweza kuchora jedwali safi na kuandika kwamba mfumo wa ukoo wa mama umekwisha kusini mwa Tanzania. Jedwali la namna hiyo lingependeza sana kwenye semina.

Tukatandika majamvi chini ya mkorosho mkubwa, watu wakakaa mduara, na vijana wakapewa hali halisi bila maneno ya kukariri: baba kafariki, kaacha mke, watoto watatu, mikorosho mingi na baiskeli. Arobaini imepita jana. Leo ndugu wamekutana. Endeleeni.

Kijana aliyepewa sehemu ya mjomba wa marehemu akavuta kiti cha plastiki, akakiweka katikati, akakaa kibosi. Mzee mmoja hakumruhusu hata kufungua mdomo.

"Wewe, inuka hapo."

"Nikae wapi, babu?"

"Kaa pale anapokaa mjomba."

Kijana akaangaza. Hakujua. Mzee mwenyewe akainuka, akatembea mpaka pale tulipokuwa tumeweka vijiti viwili kuonyesha mlango wa nyumba, akakaa chini, mgongo kwenye kijiti kimoja, miguu imekata njia. "Hapa. Kitu hakitoki humu ndani mpaka kimpite." Wazee wengine wakaitikia kwa kichwa, wakiwemo watatu waliotuambia kwa midomo yao kwamba mjomba anashauri tu.

Mchezo ukaendelea kidogo, ukasimamishwa tena. Safari hii ni bibi mmoja aliyekuwa akichambua mboga na kuonekana hatazami. "Na wifi yuko wapi?" Hatukumwelewa. "Wifi ya huyu mjane. Mnagawaje mali ya mtu, dada yake hayupo?" Katika mahojiano yote hakuna aliyekuwa amemtaja dada wa marehemu. Hojaji haikuwa na kisanduku chake. Tukamtafuta msichana, akakalishwa na bibi yule ubavuni mwa mjane, wote wawili chini ya kanga moja, akapewa maagizo: "Wewe usiseme neno. Kohoa tu."

Basi mjomba akaanza kutaja mikorosho. Ile ya bondeni, aliyoipata marehemu kwa mjomba wake. Ile ya karibu na barabara, aliyoipanda mwenyewe na mkewe. Alipofika kwenye ya bondeni na kusema iende kwa mtoto wa kwanza, msichana akakohoa. Mjomba akanyamaza. Akarudi nyuma, akaipeleka kwa mpwa. Hadhira ikapiga makofi, nasikia mtu nyuma yangu anasema, "Hapo sasa." Tulipouliza baadaye nani aliyeamua mgawo, wote walisema mjomba, na kwa kauli rasmi ndivyo ilivyokuwa. Lakini sasa tulikuwa na kikohozi, tukaweza kuuliza juu yake. Yakatoka mambo ambayo hojaji isingeyafikia kamwe: miti ya kurithi inarudi ilikotoka, miti ya jasho lako inakwenda kwa wanao, na katikati kuna miti ambayo hakuna anayekumbuka vizuri ilitoka wapi. Ugomvi wote unaishi kwenye hiyo ya katikati.

Sidai kwamba wale watu walidanganya kwenye hojaji. Walijibu swali kwa namna swali lilivyovaa. Swali lililokuja na karatasi, mhuri na barua ya mkuu wa wilaya hujibiwa kiserikali. Mzee yule hakuwa amepanga kufichua kitu. Aliona mtu kakaa vibaya, akashindwa kuvumilia. Hiyo ndiyo siri nzima ya mbinu hii, kama ni siri. Watu wengi hawana haja ya kukueleza mila yao, ila wakiona mtu anaiharibu mbele ya macho yao, hawatulii.

Jambo hili si geni duniani. Victor Turner, mwanaanthropolojia Mskoti aliyeishi na Wandembu wa Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona migogoro ya vijijini inakwenda kama mchezo wa kuigiza: kwanza mtu anavunja mwiko au mkataba, kisha ufa unapanuka na kila mtu analazimika kuchagua upande, kisha wanaitwa wazee au waganga kusuluhisha, na mwisho ama watu wanarudiana ama wanahama kila mtu na lwake. Wandembu nao ni watu wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba na mpwa wamejaa kwenye maandishi yake. Miaka ya baadaye akiwa Marekani, Turner na mkewe Edith waliwafanya wanafunzi waigize walichokuwa wakikisoma, mpaka idara nzima pale chuo kikuu cha Virginia ikafunga harusi ya kuigiza, yenye bibi harusi, bwana harusi na wakwe. Alichokigundua kinanigusa mimi mtu wa jukwaa: mwanafunzi anayetakiwa kuigiza mkwe anarudi kwa mwalimu na maswali ambayo kitabu hakina. Mkwe anaingia kwa mlango upi? Anaanza kumsalimia nani? Ana kinyongo na nani kabla hajafika? Maandishi yanaweza kuruka hayo. Mwili hauwezi, maana lazima uwe mahali fulani.

Kuna mfano ulio karibu zaidi na sisi kwa lugha. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Katanga, huko Kongo, alikuwa Lubumbashi mwaka 1986 na kikundi cha maigizo cha Mufwankolo, maarufu kwa michezo yake ya Kiswahili kwenye televisheni. Alikuwa amekutana na msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayamegwi, akawauliza maana yake. Hawakumpa jibu la mistari miwili. Waliujadili, wakautungia mchezo, wakafanya mazoezi, wakauonyesha kijijini, na yeye akafuatilia hatua zote na kinasa sauti. Alichohitimisha ni kwamba yako maarifa yasiyotoka kwa kuulizwa. Yanatoka yakipewa nafasi ya kutendwa, na kazi ya mtafiti ni kuiandaa nafasi hiyo kisha kukaa pembeni. Kukaa pembeni ndipo wengi wanaposhindwa.

Hata huku kwetu historia ya kutazamwa ni ndefu. Mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa bado vinafuka, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alishuka Lindi, akapanda mpaka Masasi na Newala na fonografu ya kunasa sauti kwenye nta pamoja na kamera ya filamu. Alipiga picha za ngoma zetu zikitembea, wakati ambao Ulaya yenyewe sinema ilikuwa bado mtoto. Ninaheshimu kazi hiyo ngumu. Ila nikifikiria mashine ile iliyowekwa kwenye miguu mitatu, nafikiria pia ilikotazama: kwa mchezaji. Bibi anayechambua mboga pembeni hakuwa kwenye picha.

Miaka 20 baadaye Masasi ikapata askofu aliyefanya kazi ambayo mimi naiona kama ya mwongozaji wa jukwaa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo tangu 1926, hakuipiga jando marufuku. Aliichukua, akaondoa vipande, akaingiza sala na baraka, akaacha umbo libaki. Watu wanabishana mpaka leo kama aliokoa mila au aliimeza. Kwangu inatosha kwamba alielewa kuwa anachokigusa ni mpangilio wa matendo, wenye nani anasimama wapi na nani anaingia lini, na kwamba ukibadili mpangilio umebadili imani.

Sasa turudi uwandani, tuseme jinsi kazi inavyofanyika.

Chombo tunachokitumia zaidi tumekiazima kwa mwongozaji Moisés Kaufman na kundi lake la maigizo la New York, waliokwenda mji wa Laramie huko Wyoming baada ya mauaji ya kijana Matthew Shepard mwaka 1998, wakafanya mahojiano zaidi ya 200 na kuyageuza mchezo ulioonyeshwa mwaka 2000. Mmoja wa watunzi wale, Greg Pierotti, baadaye aliungana na mwanaanthropolojia Cristiana Giordano kuupeleka mtindo huo kwenye utafiti wa uhamiaji nchini Italia. Mtindo ni huu: huanzi na hadithi. Unaanza na kipande kidogo kabisa. Mtu anasimama, anasema "Naanza," anafanya jambo moja kwa kutumia kitu kimoja, mwanga, sauti au ukimya, kisha anasema "Namaliza." Waliotazama wanasema walichokiona, na kuona kuje kabla ya kufasiri. Vipande vinakusanywa vingi, na baadaye sana ndipo vinapangwa.

Kwenye kazi ya msimu wa korosho tuliweka kati gunia tupu, bomba la kupulizia salfa, kitambaa cha kufunga pua na kile chombo cha kupimia kangomba. Kangomba, kwa asiyejua, ni biashara ya kichinichini ya kununua korosho kwa kipimo, nje ya mnada, kwa mkulima aliyebanwa na njaa au ada ya shule. Imepigwa vita na serikali zote na bado inapumua. Kijana mmoja akasema "Naanza," akachukua kipimo, akakijaza mchanga mpaka juu, akakitikisa, ukashuka, akaongeza, akakitikisa tena, akaongeza, akaweka kichuguu juu, akasema "Namaliza." Hakuongea. Wanawake wakaguna kwa pamoja. Ule mtikiso wa pili, walisema, ndio unaokula daftari za watoto. Katika mahojiano tulikuwa tumeshaandika kurasa kadhaa juu ya kangomba, kila mtu akiilaani kwa maneno ya mikutano ya hadhara. Hakuna aliyetaja mtikiso.

Kipande kingine kilikuwa cha mzani. Tangu stakabadhi ghalani ianze msimu wa 2007/08, korosho inapitia chama cha msingi, inapimwa, inakwenda ghala kuu, inapigwa mnada, na mkulima anasubiri pesa yake ikatwe makato na kufika. Muigizaji wetu wa ukarani alikuwa ameinamia mzani, anasoma namba. Mkulima mmoja akapasua: "Karani hatazami mzani. Anatazama uso wako." Akaja mbele kuonyesha: karani anaangalia kama umekuja na mtu anayejua kusoma, kama una haraka, kama umeweka gunia kwa hasira au kwa woga. Namba inakuja baadaye. Chama walichokuwa wakikizungumzia hakikutajwa wala hapa sitakitaja, na nadhani ndiyo sababu kipande kile kiliwezekana.

Hapo tulikuwa tumeingia bila kupanga kwenye mbinu ya Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili. Yeye anasimulia kwamba mwaka 1973, akishiriki kampeni ya kisomo huko Peru, mwanamke mmoja aliwapa waigizaji ushauri wa jinsi mhusika amkabili mume mwongo, wakajaribu, akasema siyo, wakajaribu tena, akasema siyo, mpaka Boal akamwambia apande mwenyewe. Akapanda na kumpa yule muigizaji somo asilolisahau. Kuanzia hapo mtazamaji kwa Boal ana haki ya kusimamisha mchezo na kuchukua nafasi ya mhusika. Sisi watu wa kusini tungemwambia angekuja msibani kwetu mapema.

Lazima niseme kitu juu ya maigizo ya uhamasishaji, maana watu wakisikia igizo kijijini ndilo wanalolifikiria. Mtwara na Lindi tumeyaona mengi. Mlevi anaingia akipepesuka, mkewe mwerevu anamshauri, afisa mgani au muuguzi anafika na suluhisho, ngoma inapigwa, wimbo wenye jina la mradi, posho. Watoto wanalijua kabla halijaanza. Halijifunzi chochote kutoka kwa hadhira kwa sababu halikuja kujifunza. Si kwamba watangulizi wetu hawakulijua hilo. Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilipigania tangu zamani. Kwenye kazi ya Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, juu ya mimba za wasichana wa shule, wanakijiji wenyewe ndio walichunguza, wakatunga kwa ngoma zao na wakajadili. Huku kwetu mpango wa maendeleo vijijini wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mpaka 2005, uliingiza mbinu shirikishi, na Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia Mfini, alikuwa miongoni mwa waliozisukuma. Fedha zilipokwisha, kilichobaki kirahisi ni umbo: duara, ngoma, mlevi. Kuchunguza na kujadili kunachukua muda, na muda haupo kwenye bajeti.

Mbinu hii ina mahali inapopwaya. Tulijaribu kuigiza jambo lisilo na shahidi aliye hai: wapagazi wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima hicho nyuma ya Lindi, na watu wetu waliibeba mpaka bandarini kwa miguu, mzigo wa zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mifupa ya mmoja wao, iliyounganishwa upya, imesimama Berlin hadi leo na watalii wanapanga foleni. Aliyesimamia uchimbaji kila siku alikuwa Boheti bin Amrani, na kambini waliishi mamia ya wafanyakazi na familia zao. Vijana wa Lindi mjini wakafunga gogo kwenye mti, wakalibeba wawili wawili kupanda mlima. Yalitokea ya kuvutia: huwezi kuongea na mwenzako wa nyuma, mfupi anabeba zaidi kwenye mteremko, na swali likazuka la nani alibeba maji ya kunywa, swali zuri ambalo linaweza kupelekwa kwenye nyaraka. Lakini mara vijana wakaanza kulia, mmoja akaanguka kwa madoido, mwingine akatunga kiboko na mnyapara katili. Hakukuwa na bibi wa kusema "siyo hivyo". Ulikuwa mchezo mzuri, na kwa utafiti haukuwa na thamani baada ya yale mambo matatu ya mwanzo. Igizo bila wenyewe ni hisia za muigizaji zilizovaa nguo za zamani.

Na kuna yasiyoigizwa. Tumeombwa zaidi ya mara moja, na watafiti wa ndani na wa nje, tufanye kipande cha unyago. Hapana. Anayofundishwa mwali yana wenyewe, na mtu aliyeyapitia hayatoi kwa sababu mtafiti ana barua. Ngoma yetu ya sindimba inatosha kuwa funzo: baada ya uhuru ilichukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa, ikachezwa mbele ya wageni wa serikali, mpaka nchi nzima ikaijua kama kiuno tu. Kinyago cha lipiko, kile anachovaa mchezaji wa ngoma ya Wamakonde, ndiyo kabisa. Kwa aliye nje ya jando, aliyemo ndani ya kinyago si mtu, na anayemtambua kwa vidole vya miguu huwa na adabu ya kutomtambua. Mimi naona adabu hiyo kuwa maarifa makubwa ya maigizo kuliko niliyofundishwa chuoni, na sitaki kumvua mtu kinyago ili nipate aya moja.

Hatukugusa pia gesi. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la kwenda Dar es Salaam, watu walikufa. Vijana walitaka kuigiza. Mtu anayesimama mbele ya kijiji na kuonyesha alikuwa wapi siku ile anaonyesha pia kwa mtendaji aliyekaa mstari wa mbele. Hojaji ina siri yake, igizo halina. Kwa hiyo hatupigi video, simu zinawekwa mfukoni, na kabla ya kuanza tunauliza nani asiyepaswa kuwepo. Mara nyingine jibu ni mwenyekiti. Kumwambia mwenyekiti hivyo kunahitaji ustadi ambao haumo kwenye kitabu chochote cha mbinu za utafiti.

Mara ya mwisho tuliwaachia vijana wachague wenyewe cha kuigiza, wakatuigiza sisi. Gari liliingia, yaani vijana wanne wakitembea pamoja na kupiga honi. Mtafiti akashuka, akapiga picha mbuzi. Msaidizi wake, nikajitambua kwa mkoba, akamuuliza mzee swali. Mzee akajibu Kimakonde muda mrefu, akainuka, akaonyesha bonde, akahesabu kwa vidole, akamtaja babu yake, akafuta machozi, akakaa. Msaidizi akamgeukia mtafiti: "Amesema ndiyo." Uwanja mzima ulilala chini kwa kicheko. Kisha mama mmoja akaingia mchezoni bila kualikwa, akamshika mtafiti mkono: "Baba, ile ripoti ya mwaka jana iko wapi?"

Muigizaji hakuwa na jibu, wala sisi. Ikabidi rasimu iletwe, isomwe kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa pale pale chini ya mkorosho, na ubishi ukaanza upya. Sehemu ya wifi na kikohozi chake mtendaji alitaka iondolewe. Alisema italeta kesi, kwa sababu wako watu wa ukoo fulani watakaojiona humo. Mtafiti alitaka ibaki, bila hiyo ripoti ingekuwa lile jedwali la mwanzo. Yule bibi wa mboga alisikiliza pande zote mbili, akasema iachwe, ila msiandike ni kijiji gani. Kwa hiyo nami sijakitaja.